Kuchoma Maiti na Kupanga Mahali pa Kupumzika: Swali Kutoka Matai

Swali lililozaa makala haya halikuulizwa darasani. Liliulizwa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kiasi cha kilomita 50 kutoka Sumbawanga kwa barabara iendayo bandari ya Kasanga. Mwinjilisti mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wetu alinipeleka kumsalimu mzee wa usharika wake, mwalimu mstaafu na mgane. Baada ya chai mzee yule alituambia kwa utulivu kwamba atakapokufa anataka mwili wake uchomwe, na majivu yake yazikwe kando ya kaburi la mkewe. Mwinjilisti hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani. Hapo akaniuliza: "Mwalimu, siku nitakapokabidhiwa kasha la majivu, nitaongoza ibada gani?"

Sababu za mzee hazikutoka katika vitabu, wala hakuwa anaiga ya Ulaya. Ana ugonjwa wa moyo, na kila mwaka husafiri kwenda kwa mwanawe Dar es Salaam kutibiwa. Anajua kwamba huenda akafia huko. Mdogo wake alifia huko huko, na ukoo ukaamua kwamba lazima alale Ufipa. Gari lilikodiwa, jeneza likanunuliwa, dawa ya kuhifadhi mwili ikalipiwa, na wasindikizaji wakalishwa katika safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Ng'ombe wanne wa kulimia waliuzwa. Mwaka ule mashamba yalilimwa kwa jembe la mkono, na watoto wawili wa marehemu wakaacha shule. "Mimi nataka kurudi nyumbani," alisema mzee, "lakini sitaki kurudi juu ya migongo ya wajukuu wangu." Majivu, alieleza, huweza kupandishwa basi pamoja na mtoto mmoja tu.

Binti yake mkubwa amekataa. Amesema wazi kwamba hatakubali baba yake achomwe kama mwizi. Neno hilo ni zito, nasi tutalirudia.

Nakusudia kumjibu mwinjilisti yule, na watumishi wengine ambao siku moja wataulizwa hivyo hivyo. Maoni yangu ni kwamba Neno la Mungu halitufungi katika njia moja ya kuurudisha mwili mavumbini, ila linatudai heshima kwa mwili huo na uangalizi kwa wafiwa. Kwa hiyo anayechagua kuchomwa hawezi kuchagua peke yake, wala hawezi kuacha kutaja mahali.

Maandiko na ufufuo

Wakristo wengi hudhani kwamba Biblia imekataza kuchoma maiti. Amri ya namna hiyo haimo. Iliyomo ni desturi ya Israeli ya kuzika, na matukio machache ya moto ambayo hayana maana moja. Akani na jamaa yake walichomwa baada ya kupigwa mawe (Yos. 7:25), na hapo moto ni sehemu ya adhabu. Moabu alihukumiwa na Bwana kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa (Amo. 2:1), na hapo moto ni chuki inayomfuata adui hata baada ya kufa. Lakini Wafilisti walipoutundika mwili wa Sauli katika ukuta wa Beth-shani, mashujaa wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha, wakauondoa pamoja na miili ya wanawe, wakaichoma, wakaizika mifupa chini ya mkwaju, na kufunga siku saba (1 Sam. 31:11-13). Daudi aliwabariki kwa wema huo (2 Sam. 2:4-6). Ni moto ule ule, lakini wa Moabu uliwashwa kwa kudhalilisha, na wa Yabesh uliwashwa kwa kuokoa heshima ya wafu. Naomba msomaji asiipite tofauti hiyo haraka, kwa maana ndiyo itakayotusaidia mbele ya binti wa mzee.

Juu ya ufufuo sitasema mengi. Mwaka 177, huko Lyon, watesi waliichoma miili ya mashahidi na kuyatupa majivu katika mto Rhone, wakidhani kwamba kwa njia hiyo wamelizima tumaini la ufufuo. Kanisa halikuingiwa na hofu. Jan Hus, ambaye ndugu zetu Wamoraviani, majirani zetu hapa Rukwa, humhesabu kuwa baba yao, alichomwa Konstanz tarehe 6 Julai 1415, na majivu yake yakatupwa katika mto Rhein. Mashahidi wa kwanza wa matengenezo ya Kilutheri, watawa Hendrik Vos na Johannes van den Esschen, walichomwa Brussels tarehe 1 Julai 1523. Karibu na kwetu, vijana wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Hakuna Mkristo atakayesema kwamba hao wamemshinda Mungu asiweze kuwafufua. Vivyo hivyo hatusemi neno hilo juu ya waliopotea majini katika ajali ya MV Bukoba mwaka 1996, wala juu ya wavuvi wa Kasanga ambao Ziwa Tanganyika halikuwarudisha, wala juu ya watu zaidi ya 100 walioangamia kwa moto wa lori la mafuta Msamvu, Morogoro, Agosti 2019. Mtume Paulo, alipoulizwa wafu hufufuliwaje na kwa mwili gani, hakueleza namna ya kuhifadhi maiti, alitaja mbegu (1 Kor. 15:35-44).

Kwa nini basi Kanisa lilipinga moto muda mrefu hivyo? Katika Ulaya ya kale kuchoma maiti kulikuwa alama ya kuirudia dini ya zamani. Karolo Mkuu, mwishoni mwa karne ya 8, aliwatungia Wasaksoni sheria iliyompa adhabu ya kifo mtu anayechoma maiti kwa desturi ya kipagani. Uchomaji wa kisasa ulipoanza, Milano mwaka 1876 na Gotha katika Ujerumani mwaka 1878, baadhi ya waliouhimiza waliutumia kulikejeli fundisho la ufufuo. Kanisa Katoliki likaukataza mwaka 1886. Mwaka 1963 lilikiondoa kizuizi hicho, mradi mtu asichague moto kwa kuikana imani. Na maagizo yake ya mwaka 2016 yalitaka majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala yasigawanywe baina ya jamaa. Nayataja haya kwa sababu Ufipa ni nchi iliyolelewa na Mapadre Weupe tangu walipofika Karema mwaka 1885, na katika kila msiba wa Matai waombolezaji wengi ni Wakatoliki. Mwinjilisti wetu atakapoulizwa na shemeji za marehemu, ni vema ajue kwamba kanisa lao halimkatazi mzee huyu jambo alilolichagua. Ndugu zetu Waislamu, na Kanisa la Kiorthodoksi vilevile, hawakubali. Nao wataheshimiwa katika kutokubali kwao.

Luther mwenyewe hakuandika juu ya kuchoma maiti, lakini aliandika juu ya makaburi. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alilalamika kwamba uwanja wa makaburi wa mji umegeuzwa njia ya kila mtu na mnyama, hata hakuna tena utulivu wala uchaji. Alisema kwamba yeye angeona afadhali kulazwa katika mto Elbe au msituni kuliko pale. Akashauri makaburi yawe nje ya mji, mahali pa kimya, mtu aendapo akumbuke kifo na ufufuo na kuomba. Anayeyasoma hayo atatambua kwamba Luther alijali sana mahali, na hakudhani kwamba mahali huokoa.

Heshima ya mwili

Sasa turudi kwa binti. Hakusema kwamba baba yake hatafufuka. Alisema hatachomwa kama mwizi. Katika nchi yetu moto una historia mbaya. Watu wametiwa matairi na petroli kwa tuhuma za wizi. Akina mama wazee wameuawa na nyumba zao kuteketezwa kwa tuhuma za uchawi. Tena zamani, katika baadhi ya makabila ya pande hizi, aliyehukumiwa kuwa mchawi alinyimwa kaburi na kuchomwa, ili asiwe na mahali miongoni mwa wazee wa ukoo. Mtu aliyekua akisikia hayo hawezi kuambiwa tu kwamba Ulaya wanachoma. Atajibu, na kwa haki, kwamba yeye hakulelewa Ulaya.

Mchungaji anayelipuuza pingamizi hili atakosea kuliko yule asiyejua habari za Karolo Mkuu. Nilimwambia mwinjilisti aanzie kwa watu wa Yabesh, na asianzie 1 Wakorintho. Binti anahitaji kuuona moto unaowashwa na watu wanaompenda marehemu. Anahitaji pia kujua kwamba hatanyimwa mambo ambayo mfiwa wa Kifipa huyatarajia: kukesha na mwili, kuuona uso, kuimba, na kutia udongo kwa mkono wake. Haya yote yanawezekana. Mwili huagwa kwanza, Dar es Salaam, katika jeneza na kwa ibada kamili. Baadaye majivu huzikwa Matai, na udongo hutiwa kama kawaida. Jambo gumu, nami sikulificha, ni kwamba walioko Matai hawatauona uso. Hilo ni hasara halisi. Mzee mwenyewe alikiri, akasema kwamba amelipima dhidi ya ng'ombe wanne.

Waliotangulia kuchagua

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni kabisa kwa Wakristo wa Afrika Mashariki. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kenya, alimchoma mkewe mwaka 2002, naye alipofariki mwaka 2005 akachomwa, kukazuka mjadala mkubwa katika makanisa. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004, alichomwa Nairobi Oktoba 2011. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, magugu maji na mafunjo. Majivu yake yakazikwa katika viwanja vya taasisi yenye jina lake, Chuo Kikuu cha Nairobi. Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, alifariki tarehe 2 Januari 2022 na kuchomwa siku iyo hiyo, kama alivyoagiza. Siku hiyo hiyo majivu ya Askofu Mkuu Desmond Tutu yalizikwa ndani ya kanisa kuu lake la Mtakatifu George, Cape Town. Mwili wake haukuchomwa kwa moto bali uliyeyushwa kwa maji ya moto yenye dawa, njia ambayo aliiona haidhuru sana mazingira.

Maathai na Njonjo walichomwa Kariokor, Nairobi, katika tanuri la jumuiya ya Wahindu. Jina Kariokor, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao maelfu yao walikufa njiani na kuachwa pasipo kaburi lenye jina. Mara nyingi tunasahau kwamba kaburi lenye jina halikuwa fungu la kila mtu hata katika kizazi cha babu zetu.

Kati ya hao niliowataja, wawili ambao mahali pa majivu yao nimepataja wanatufundisha jambo moja zaidi. Majivu ya Tutu na ya Maathai hayakutawanywa. Yalipewa shimo na jina, na watu huenda kuyazuru.

Mahali

Abrahamu hakuwa na shamba katika Kanaani mpaka alipofiwa. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi kilichokuwa mali yake kilikuwa kaburi la Sara, alilolinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi langoni pa mji (Mwa. 23). Sura nzima imetolewa kwa mapatano hayo. Yakobo aliagiza azikwe huko huko (Mwa. 49:29-32). Yusufu naye aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapotoka Misri (Mwa. 50:25), Musa akaichukua (Kut. 13:19), na ikazikwa Shekemu baada ya vizazi vingi (Yos. 24:32). Wazee hao walijua kwamba aliyekufa hawezi kujitetea, na kwamba wanaobaki watagombana kama hakuna neno lililosemwa mbele ya mashahidi.

Kwamba watagombana si nadharia. Wakili S. M. Otieno wa Nairobi alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka azikwe kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka alazwe Nyalgunga, Siaya, kwa desturi ya Wajaluo. Mwili ulikaa mochwari zaidi ya miezi mitano huku mahakama zikisikiliza mashahidi juu ya mambo ambayo marehemu aliwahi kuyasema kwa mdomo. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Alikuwa mwanasheria, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuandikia wengine hati.

Hukumu hiyo ni ya Kenya, lakini funzo lake limevuka mpaka: mwili wa marehemu haugawiwi kwa wasia kama shamba au nyumba, na matakwa yake hayana nguvu kuliko nia ya watu watakaoyatekeleza. Kwa hiyo karatasi pekee haitoshi. Karatasi iliyosomwa mbele ya ukoo, mwenyewe akiwapo na akili zake timamu, ina nafasi kubwa zaidi.

Hapa niruhusiwe kutoka kidogo nje ya hoja. Wafipa wana kilimo ambacho wageni wamekistaajabia tangu zamani. Nyasi hukusanywa na kufunikwa kwa udongo katika tuta la mviringo liitwalo intumba. Juu yake hupandwa maharagwe, nazo nyasi huoza ndani. Msimu unaofuata tuta hubomolewa, udongo husambazwa, na ulezi hupandwa. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, Wabemba hukata matawi ya miti, huyarundika na kuyachoma, kisha hupanda ulezi katika majivu. Wao huita citemene. Njia moja huzika na nyingine huchoma, na ulezi huota kwa zote mbili. Sitaki kuubebesha mfano huu mzigo usioweza kuuchukua, maana ufufuo si tunda la rutuba ya udongo. Lakini mwinjilisti alipousikia alicheka, akasema kwamba wazee wa Matai wataushika upesi kuliko habari za mto Rhone.

Mambo ya kutendwa

Katika tanuri la kisasa mwili hubaki kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, kwa joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Kinachobaki ni mifupa iliyokauka, ambayo husagwa na kuwa unga wa kilo mbili au tatu hivi. Kwa kuni huhitajika mamia ya kilo, na katika nchi inayolia kwa kukatwa miti hilo nalo lifikiriwe. Aliyewekewe kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo lazima kitolewe kwanza, kwa kuwa betri yake huweza kupasuka. Mzee wetu ameambiwa amkumbushe mwanawe juu ya hilo endapo atawekewa. Na kwa kuwa moto hauachi nafasi ya uchunguzi, chanzo cha kifo kithibitishwe na daktari na vibali vyote vipatikane kabla.

Matai hakuna tanuri. Dar es Salaam jumuiya ya Wahindu wana mahali pao pa kuchomea maiti. Ni mahali pa ibada ya watu wengine, na hatuna haki ya kutokea mlangoni na jeneza. Mwana wa mzee ameagizwa aende mapema, aombe kwa adabu, na aulize kama watapokea mtu asiye wa dini yao na kwa masharti gani. Ikiwa watakataa, mzee amekubali azikwe Dar es Salaam, katika makaburi yaliyo karibu na mwanawe, na kule Matai jina lake liandikwe juu ya msalaba wa mkewe. Mpango usio na njia ya pili si mpango.

Juu ya ibada, nilimshauri mwinjilisti afanye hivi. Kwanza amwone mchungaji wake, na kwa njia yake mkuu wa jimbo na askofu, sasa na si siku ya msiba. Siku yenyewe kasha liingizwe kanisani na kuwekwa mahali pa jeneza, msalaba ukitangulia. Ibada ya mazishi isomwe yote. Maneno yake yanayotaja udongo, majivu na mavumbi hayahitaji kubadilishwa hata moja. Shimo lichimbwe kwa kina cha kutosha, mvua za masika zisilifukue, na lisiwe dogo mno, maana watu watataka kuona kwamba linachimbwa kaburi na si shimo la kupanda mti. Kasha liwe la ubao au udongo. Wafiwa watie udongo mmoja mmoja. Majivu yasilale nyumbani zaidi ya inavyohitajika, na yasigawanywe.

Mzee ameandika hati yake kwa mkono, nakala tatu: moja ya mwanawe wa Dar es Salaam, moja ya ofisi ya usharika, na moja yake mwenyewe, imo ndani ya Biblia. Wasia wa mali ameuandika mbali, naye anafikiria kuupeleka RITA ukahifadhiwe. Hati ilisomwa mbele ya ndugu kumi na mmoja siku ya Jumapili baada ya ibada. Wote wametia sahihi isipokuwa binti mkubwa. Yeye alisema kwamba atatia sahihi siku atakapokuwa tayari. Lakini kabla ya kuondoka alikwenda makaburini na baba yake, akapima kwa hatua nafasi iliyo kando ya kaburi la mama yake, akaweka jiwe.